Nyaya Mbili, Mtaro Mmoja

Ukiingia katika chumba changu cha kazi leo utakuta mchoro ukutani, pembe yake moja imeanza kujikunja. Niliuchora mwenyewe kwa kalamu na rula. Kuna jengo la zamani, lenye maabara na duka la dawa. Kuna jengo jipya, lenye wodi ya wazazi. Katikati yake kuna kibanja cha migomba ambacho si mali ya hospitali. Mistari miwili inatoka jengo moja kwenda jingine: mwekundu unakatiza kibanja, wa bluu unazunguka kwa nyuma kufuata mpaka. Mstari wa bluu ulikuwa uongo. Siku nilipouchora haukuwepo ardhini, na kwa miaka miwili kila mgeni aliyeingia chumbani humo aliusifu.

Nitaeleza uongo ule ulikuwa wa nini. Nitajitahidi nisijitetee, ingawa najifahamu.

Mimi ni fundi wa mtandao wa kompyuta katika hospitali moja ya kanisa hapa Karagwe. Jina lake silitaji, halina kosa. Fundi wa mtandao ni cheo kinachosikika vizuri kwa mtu anayeshinda amepiga magoti mbele ya kabati la chuma, akipuliza vumbi jekundu kwenye matundu ya feni. Kwetu ni Bweranyange. Tulizaliwa wanne, na kitinda mimba wetu alikuwa msichana, ambaye baadaye aliolewa Kyerwa na mkulima wa kahawa. Huyo ndiye ninayemwandika, hata pale nitakapoonekana ninaandika habari za mashine.

Swichi ni sanduku linalopokea ujumbe wa kompyuta moja na kuupeleka kwa nyingine. Tunazo mbili kubwa, moja katika kila jengo. Uzuri wake ni kwamba ukiziunganisha kwa waya maalumu zinakuwa kitu kimoja, chenye jina moja na anwani moja. Moja inakuwa mkuu, ya pili msaidizi. Mkuu akifa, msaidizi anashika nafasi yake palepale, kwa jina lile lile na anwani ile ile, na aliyeko wodini hajui kama kuna kilichotokea. Nilikipenda kitu hicho kuliko ilivyofaa. Katika wilaya mbili hizi, Karagwe na Kyerwa, nilikuwa sijasikia mwingine aliyekuwa nacho, na sikuacha watu wasijue.

Ubaya wake unakuja siku ambayo hakuna aliyekufa, ila waya unaowaunganisha umekatika. Msaidizi hasikii tena sauti ya mkuu, anaamini amekufa, anajitawaza. Mkuu naye hamsikii msaidizi, anaamini ndiye aliyekufa, anaendelea na kazi. Hapo unakuwa na wakuu wawili wenye jina moja, kila mmoja ameshika nusu ya hospitali, taa zake zote za kijani, na kila mmoja ana hakika yuko peke yake. Hakuna mashine inayolalamika.

Ndiyo maana kuna waya wa pili. Huo haubebi kitu ila swali moja: na wewe uko hai? Siku zote unakaa bure. Siku ambayo wa kwanza umekatika, swali linapita kwenye wa pili, swichi zinagundua ziko mbili, na moja inatii. Ile ya wodini, kwa jinsi nilivyozipanga, inafunga milango yake yote na kunyamaza. Skrini za wodi nzima zinazimika. Wageni huniuliza kuna faida gani kuzima kitu kinachofanya kazi. Faida ni kwamba skrini ikizimika, mtu anajua kuna shida, anainuka kwenye kiti.

Mtaalamu aliyekuja kutoka mjini kutufungia alisisitiza jambo moja hadi akanichosha: waya wa pili usipite njia ya wa kwanza. Kinachokata mmoja kisiweze kukata wa pili. Akanywa chai yake, akaondoka, akaniachia kazi ya kuchimba.

Mwenye kibanja alikuwa mzee mrefu, mkavu, ambaye hospitali ilimbembeleza kwa miaka auze eneo lile na akakataa, kwa sababu baba yake na babu yake wamelala humo. Nilikwenda kwake mara moja. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akaniketisha kwenye benchi, akaniuliza kwetu ni wapi na baba yangu alikuwa nani. Alipomjua akalainika kidogo. Mtaro wa kwanza, wa kukatiza kibanja, akaukubali. Nilipofika kwenye wa pili, wa kufuata mpaka, akatikisa kichwa.

Mpaka wake ulikuwa umepandwa mulamula kutoka juu hadi chini. Ni mmea wa majani marefu tunaouotesha mipakani huku kwetu, na ukishasimama haung'olewi mpaka majirani wakae kikao. Mtaro wangu ungekata mizizi yake upande mzima.

"Hao wa kwenye waya wako ni wangapi?" akaniuliza.

"Wawili, mzee. Ila wanafanya kazi kama mmoja."

"Kama ni mmoja, mtaro mmoja unawatosha."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Mulamula wangu usiuguse. Mimi nimezaliwa nikaukuta. Ukikauka, nikishaondoka hapa wanangu watagombana na majirani kwa ajili ya waya wako."

Mtu aliyelelewa vizuri anajua kinachofuata. Unarudi baada ya wiki, ukiwa na mtu mzima wa kukusemea, unakaa, unazungumza habari za kahawa, unaondoka bila kutaja jambo lako. Unarudi mara ya tatu. Mzee kama yule hukubali mara ya tatu, na mara nyingine anakuonyesha mwenyewe pa kuchimba. Mimi nilikuwa na haraka, na nilikuwa nimekasirika kwamba nimeshindwa hoja na mtu asiyejua swichi ni nini. Nikalaza mabomba mawili katika mtaro mmoja, bega kwa bega, nikafukia, nikarudi ofisini nikachora mstari wa bluu.

Nilikuwa na sababu, na ilinitosha kabisa. Nilijiuliza, nani atachimba humo? Mizizi ya mgomba iko juu juu. Sisi kibanja tunakipalilia kwa mkono na kukitandazia nyasi, jembe likizama sana linaharibu. Hata shimo la kupandia mgomba huishia magotini. Mtaro wangu ulikuwa wa kiunoni. Nikajiambia kwamba katika kibanja hakuna kazi inayofika kiunoni. Nilijiambia hivyo mimi, mtoto wa Bweranyange, niliyeshika sepetu pamoja na baba zangu wadogo tukachimba kaburi la baba katikati ya migomba, hatua chache kutoka mlango wa jikoni.

Baada ya hapo nikavimba kichwa. Zamani, nesi akihitaji kitu maabara alimtuma mtu na karatasi kupitia njia ya kibanjani. Karatasi zililowa mvua, zilipotea, nyingine zilifika kwa mtu asiyehusika. Nikabandika tangazo katika wodi ya wazazi na maabara, kwa herufi kubwa: USITUME MTU. TUMA KWENYE SKRINI, SUBIRI JIBU. Wengi walifurahi. Nesi mmoja wa wazazi, mama aliyekula chumvi nyingi na aliyezalisha nusu ya watu wa kata ile, aliendelea kutuma karatasi kimya kimya. Nilimkuta siku moja nikamsema mbele ya wenzake.

"Fundi," aliniambia, "mguu wangu mimi haukatiki umeme."

Watu wakacheka, na kicheko kile kiliniuma. Nikamshtaki kwa matroni. Akaitwa, akaelezwa, na tangu siku hiyo akawa anatii. Alipoketi mbele ya skrini alikuwa anaweka mikono mapajani na kusubiri kama mtu aliyeko kanisani, na mimi nikipita dirishani nilikuwa naona nimeshinda.

Mdogo wangu alipokaribia kujifungua hakutaka kuzalia karibu na kwake. Alisema anakuja kwetu, kwa sababu kwa kaka ndiko kuna kompyuta. Alikuja na mama yetu, chupa ya uji na furushi la kanga. Asubuhi ya siku yenyewe nilimkuta anatembea kwenye korido, mkono mmoja ukutani, anasimama uchungu ukija na kuendelea ukipita.

"Nikikwama," akasema, "utanizima uniwashe upya?"

Huo ulikuwa utani wake kwangu tangu nianze kazi hii. Kila kilichoharibika nyumbani, redio, baiskeli, mbuzi aliyegoma kula, aliniambia nikizime nikiwashe.

Mzee wa kibanjani alikuwa amefariki siku mbili kabla, na mazishi yake yalikuwa asubuhi hiyo. Mganga mfawidhi aliniambia niende niiwakilishe hospitali, maana tulikuwa majirani na mimi ndiye niliyekuwa namfahamu. Nikasita. Mdogo wangu ndiye aliyenifukuza.

"Nenda msibani, usije ukasemwa. Mtoto hatoki kwa kuangaliwa."

Mama akanipungia mkono niende. Nikaenda.

Nilipofika, kaburi lilikuwa limeshafika kifuani. Wachimbaji walikuwa wanabadilishana, na jirani akija anapokea sepetu kidogo hata kama hana nguvu, ndiyo heshima yenyewe. Kabla sijapokea nilitazama mtaro wangu uko wapi. Sikuwa na jiwe wala kigingi. Alama niliyokuwa nimeiweka kichwani ilikuwa mgomba mmoja mnene, kwamba mtaro unapita kulia kwake. Nikauona mgomba, nikapima kwa macho, nikaona kaburi liko mbali nao hatua tatu nzima. Nikaridhika.

Mgomba ule haukuwa ule. Mgomba wa alama ulishazaa ukakatwa zamani, na niliokuwa nautazama ulikuwa mtoto wake, aliyeota pembeni. Baada ya mikungu miwili shina linakuwa limehama. Hili analijua kila mtoto wa huku kabla ya kujua kusoma.

Vijana waliokuwa wameanza kuchimba alfajiri walikuta mabomba mawili meusi wakayakata kwa panga. Waliyadhania ya mradi wa maji, ule ambao haukuwahi kutoa tone. Mabomba makavu ya namna hiyo yamejaa katika vibanja vyetu, hakuna anayeuliza. Walitupa vipande pembeni na udongo ukavifunika. Nami nikapokea sepetu na kurusha udongo juu ya waya wangu mwenyewe, zamu yangu yote, kwa bidii, kwa sababu watu walikuwa wananitazama.

Baadaye nikakaa na wanaume, nikatoa simu. Nilikuwa nimeweka programu ya kuniangalizia mtandao, na nilikuwa nimeipanga inionyeshe alama moja tu, maana raha ya swichi mbili kuwa moja ndiyo hiyo, unaangalia kitu kimoja. Programu iliuliza: upo? Swichi ikajibu: nipo. Alama ikawa ya kijani. Nilipokuwa namsubiri mchungaji nikaangalia tena, ikawa ya kijani. Anwani ilikuwa moja, na aliyejibu alikuwa wa jengo la zamani. Wa jengo jipya angeulizwa angejibu vilevile.

Wakati huo mdogo wangu alikuwa ameshajifungua mtoto wa kike, na alikuwa anatoka damu isiyosimama.

Yaliyotokea wodini niliyakusanya baadaye, kipande kwa kipande. Daktari aliagiza damu. Nesi, yule yule mama niliyemshtaki, akaandika ombi kwenye skrini. Katika jengo jipya kuna kompyuta ndogo inayopokea maombi na kuyapeleka maabara. Niliiweka mimi, ili umeme ukiyumba kazi isipotee. Ikapokea ombi, ikaandika kwa rangi ya kijani: Ombi limepokelewa. Ikalishikilia, ikingoja njia. Nesi akaweka mikono mapajani. Maabara, fundi wa zamu alikuwa na skrini safi isiyo na ombi hata moja, akamwambia mwenzake kwamba leo kumetulia. Kwenye jokofu lake kulikuwa na chupa mbili za damu ya kundi la mdogo wangu.

Nesi akapiga simu ya mezani. Simu hizo nazo zinapita kwenye swichi, kwa hiyo iliita upande wake tu. Hakushangaa isipopokelewa. Nusu ya wafanyakazi walikuwa msibani, akafikiri na wa maabara wamekwenda na watarudi. Akaandika ombi mara ya pili. Skrini ikamwambia limepokelewa.

Mama yangu anasema nesi alikaa muda mrefu akiitazama ile skrini, halafu akageuka akalitazama tangazo langu ukutani, halafu akainuka.

Nilimwona. Hilo ndilo nililokuwa sitaki kulifikia, na nimelifikia. Mchungaji alikuwa anasoma na jeneza liko kwenye kamba. Nesi akatokea upande wa jengo jipya, karatasi mkononi. Njia ya mkato inapita palepale kaburini, na huwezi kukatiza mazishi ya watu. Akapunguza mwendo, akainamisha kichwa kwa heshima, akazunguka watu wote kwa nyuma, chini kabisa kwenye mulamula, kisha nikamwona upande wa pili anaanza kukimbia. Niliiona karatasi. Nikajisemea, huyu mama nimemwambia mara ngapi. Nikapanga nikirudi nizungumze na matroni tena.

Tulikuwa tunafukia nilipoguswa bega na mhudumu.

"Fundi, unaitwa wazazi."

Nikafikiri ni kompyuta. Nikapitia ofisini nikachukua begi la vifaa.

Chupa ya kwanza ilikuwa inaingia nilipofika. Mdogo wangu alikuwa na rangi ambayo sijawahi kuiona kwa mtu mweusi. Alinitazama na sijui kama alinitambua. Mama alikuwa amemshika nyayo zote mbili, anazisugua, anazungumza naye kwa Kinyambo kama anavyozungumza na mtoto asiyetaka kuamka. Nilisimama mlangoni na begi langu. Ya pili haikufunguliwa. Mtoto alikuwa analia kwenye kitanda cha pembeni, na juu ya meza ya nesi skrini ilikuwa bado inasema ombi limepokelewa.

Tulimzika Bweranyange, si kwa mumewe. Shemeji alikubali, alikuwa hana nguvu ya kukataa chochote. Safari hii sikushika sepetu.

Kazi niliirudia kabla matanga hayajaisha, kwa sababu hospitali ilikuwa imekatika vipande viwili na hakukuwa na mwingine wa kuiunga. Lakini msibani kwa mzee nako matanga yalikuwa hayajaanuliwa, na huku kwetu jembe haligusi kibanja cha marehemu mpaka yaishe. Nikapitisha waya juu kwa juu, nikiufunga kwenye mashina ya migomba kwa kamba za magome yake. Mtoto mkubwa wa marehemu alinisaidia kufunga. Ndiye aliyeniambia kwa upole kwamba walikuta mabomba ya zamani ya maji wakayakata, na kama yalikuwa yangu basi niwasamehe. Nikamwambia hakuna neno.

Kwa mganga mfawidhi nilikwenda na mchoro. Aliutazama akasema ni bahati mbaya ya ajabu, njia mbili kukatika siku moja. Aliyekufa angekuwa mtu mwingine ningemwachia hapo. Nikamwambia njia ilikuwa moja. Nikamwonyesha mstari wa bluu nikamwambia huu niliuchora tu. Akawa anazungusha kalamu mezani. Nilitaka anifukuze. Nilikuwa nimeshaandika barua ya kuacha kazi, iko mfukoni.

"Ukiondoka," akasema mwishowe, "nani atazihudumia hizi mashine?"

Nikaiacha barua mfukoni.

"Basi karekebishe. Na pole tena kwa msiba."

Aliposema pole nikajua hataniadhibu, wala hakuna mwingine atakayeniadhibu. Mama anamlea mtoto. Jumapili akitoka kanisani na mtoto mgongoni, huwaambia watu kwamba mwanawe ndiye aliyeunganisha hospitali nzima kwa waya, na kwamba siku ile kila kitu kilifanyika, ila Mungu alikuwa ameshapanga. Nimesimama karibu naye akisema hivyo mara nyingi. Kila mara najiambia nitamweleza tukifika nyumbani, na tukifika nyumbani mtoto anakuwa na njaa au kuna mgeni. Siku hizi nimeacha hata kujiambia.

Matanga yalipoisha nilikwenda kwa mjane wa mzee. Nilijiandaa kwenda mara tatu. Nilikuwa na shemeji wa baba, mtu mzima, wa kunisemea, na sukari kwenye mfuko. Tulipokaa, kabla msemaji wangu hajafungua kinywa, yule bibi akaniambia amesikia habari za mdogo wangu, na kwamba aliniona nikichimba kaburi la mumewe wakati nina mgonjwa wangu wodini, na hatalisahau.

"Chimba unapotaka, mwanangu," akasema. "Mulamula ukikauka tutaotesha mwingine."

Ilikuwa mara ya kwanza tu kumwendea, na hakikuulizwa chochote. Nilichimba mwenyewe, siku nne, nikifuata mpaka. Mizizi ya mulamula ina rangi ya machungwa ukiikata. Baadhi yake imekauka, mingine imeota upya. Mstari wa bluu sasa ni wa kweli, na sijaugusa mchoro, kwa sababu hauna kitu cha kubadilisha.

Siku ya kuujaribu waya wa pili nilichagua asubuhi isiyo na mgonjwa mahututi. Nikawaeleza wodini kwamba wakati wowote skrini zitazimika, na zikizimika mtu achukue karatasi aende maabara kwa miguu. Lile tangazo nilikuwa nimelibandua. Gundi imeacha alama ya mstatili ukutani, na nimepaka rangi mara mbili bado inaonekana.

Aliyekuwa zamu alikuwa yule mama. Tangu siku ile hatukuwa tumezungumza zaidi ya salamu. Mimi nilikuwa namkwepa kwa aibu, na nilidhani yeye ananikwepa kwa hasira, hadi matroni aliponiambia kwamba huwa analia kwenye chumba cha kubadilishia nguo, na kwamba anasema aliketi. Hilo tu ndilo analosema, kwamba yeye aliketi.

Nikaenda jengo la zamani, nikachomoa waya wa kwanza kwenye kabati, nikasimama mlangoni mwa maabara nikiwa nimeshika saa. Swali lilipita kwenye waya wa pili. Swichi ya wodini ilikubali, ikafunga milango yake, na skrini za wazazi zikazimika zote kwa pamoja, kama ilivyotakiwa tangu mwanzo.

Nikamwona anatokea upande wa migomba. Kibanjani hapakuwa na watu. Akapita njia ya mkato, kando ya kaburi la mzee ambalo sasa limejengewa, kanga imefungwa kiunoni juu ya sare, viatu vyeupe vimejaa vumbi, anakimbia kwa umri wake wote. Akafika, akaweka karatasi kwenye kiganja changu, akashika fremu ya mlango akihema.

Dakika tatu.

"Nimetumia muda gani, fundi?" akaniuliza.

Nikaiingiza saa mfukoni, nikamwambia sikuangalia.